Dhambi na bahati zilipobadilishana viatu

IJUMAA moja, baada ya sala, nilitoka msikitini katika mtaa mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, nikavikosa viatu vyangu. Yalikuwa makubadhi ya ngozi, mapya, hayajatimiza hata wiki mbili miguuni. Nilitazama chini ya ngazi, nikatazama nyuma ya mlango, nikainua hata champali za watu nisiowajua. Wapi! Wazee wawili walikuwa wameketi barazani wakinitazama. Wa kwanza akanipa pole: "Bahati mbaya hiyo, mwanangu." Wa pili akamdakiza: "Bahati mbaya gani? Hiyo ni dhambi ya mtu. Viatu havina miguu hata vikajiendea."

Basi wakaanza. Nami, kwa kuwa sikuwa na cha kuvaa katika lile jua la saa saba, niliketi nikawasikiliza. Wa kwanza alishika lake, kwamba kilichoandikwa kuondoka kitaondoka hata ukikifunga kwa mnyororo. Wa pili naye akashika lake: ikiwa kila jambo ni bahati, mbona mwizi akishikwa Marikiti hupigwa? "Mwambieni basi kuwa amepatwa na bahati mbaya, mumpe pole aende zake." Watu wakacheka. Nami nilicheka, lakini maneno yale yalinifuata mpaka nyumbani nikiburura champali za kuazima, na tangu siku hiyo nimekuwa nikitega sikio kusikia tunavyoyatumia maneno haya mawili, dhambi na bahati, sokoni, harusini, matangani na majumbani mwetu.

Niliyoyasikia hayakunifurahisha. Yaonyesha kuwa katika maisha yetu ya leo maneno haya yamefanya kama watu wawili waliotoka msikitini kwa haraka, kila mmoja akavaa viatu vya mwenzake akashika njia.

Si kwamba lugha yetu ni maskini. Kwa bahati njema tuna sudi, tuna nasibu, tuna jaha, tuna nyota njema. Kwa ile mbaya tuna mkosi, tuna nuhusi, tuna kisirani, tuna mguu mzito. Wala hatukutosheka na kuyasema. Tumewapa watoto yakawa majina. Hakuna mtaa wa pwani usiokuwa na Bahati, Sudi, Nasibu au Riziki, na upande wa pili wako akina Mashaka, Taabu na Shida. Mtoto aliyezaliwa wakati wa dhiki huibeba dhiki hiyo katika kitambulisho chake mpaka kaburini, hata kama yeye mwenyewe amejaliwa maduka matatu.

Lakini sijapata kusikia mtoto aliyepewa jina la Dhambi. Zama za Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwako binti aliyekuwa na jina la namna hiyo. Aliitwa Asiya, maana yake muasi, naye Mtume akalibadilisha akamwita Jamila. (Asichanganye msomaji na Asia mke wa Firauni, hilo ni jina jingine, na kwa Kiarabu huandikwa kwa herufi nyingine. Akina mama wenye watoto wa jina hilo wasifadhaike.) Hata sisi twajua ndani ya nyoyo zetu kuwa mtoto hazaliwi na dhambi. Huzaliwa na maumbile yaliyo safi, wala habebeshwi mzigo wa baba yake wala wa mama yake.

Hapo ndipo penye tofauti ya maneno yetu mawili. Dhambi ina mwenyewe. Hapana budi awepo mtu mzima, mwenye akili zake, anayejua, aliyekusudia, akatenda. Mtoto mdogo haandikiwi, aliyelala haandikiwi, wala mwenye wazimu. Aliyesahau na aliyelazimishwa wana udhuru wao. Hata viatu vyangu vilirudi Ijumaa iliyofuata. Kumbe vilivaliwa na mzee mmoja ambaye macho yake yamepungua nuru. Kwa hiyo wale wazee wawili wa barazani wote walikosea, ingawa sikuwa na ujasiri wa kuwaambia.

Bahati haina mwenyewe. Mvua ikikunyeshea njiani hukuifanya wewe wala jirani yako. Ukizaliwa mrefu au mfupi, katika nyumba ya ghorofa au ya makuti, hayo ni ya Mola na hekima yake, na hakuna wa kulaumiwa. Basi ukitaka kumpumzisha mkosaji, iite dhambi yake bahati. Na ukitaka kumtesa asiye na kosa, ifanye bahati yake kuwa dhambi. Sisi twayafanya yote mawili, tena kabla ya chai ya asubuhi.

MKEKA

Nitaanza na vijana, kwa kuwa huko ndiko moto unakowaka. Zamani kamari ilikuwa na mahali pake. Aliyeitaka pata potea alikwenda mwenyewe, akawakuta wale mabingwa wa karata tatu wamezungukwa na watu juu ya sanduku lililopinduliwa, akaliwa nauli yake, akarudi nyumbani kwa miguu. Aliyetaka bahati nasibu alinunua tikiti akaitia mfukoni. Sheria ya nchi ya kusimamia kamari na bahati nasibu ilitungwa mwaka 1966, kwa hivyo jambo lenyewe si geni. Lakini mcheza kamari wa zamani alikuwa na sifa moja, alionekana. Mama yake alijua, jirani alijua, na siku akija kuposa, baba wa binti naye alijua.

Ikaja simu. Mwaka 2007 tulianza kutumiana pesa kwa M-Pesa, na hilo kwa kweli limekuwa jambo la kheri kwa watu wengi. Miaka michache baadaye kampuni za kubashiri mpira zikaukuta mlango ule uko wazi, zikaingia. Leo kijana hucheza akiwa barazani, akiwa katika matatu, akiwa kitandani usiku wa manane. Nimepata kumwona mmoja aliyeketi safu ya nyuma, imamu akihutubu, kidole chake kikienda kwenye kioo. Mungu atusamehe sote, maana mimi niliyemwona nilikuwa natazama nini?

Na maneno yamelainishwa. Huyu kijana hasemi kuwa anacheza kamari. Asema anaweka mkeka. Mkeka, jamani! Kile tulichokalia tukifundishwa alifu na be, tunachotandika tukisali, tunachokalia matangani tukiomboleza, leo kimekuwa jina la orodha ya mechi za Uingereza na Hispania. Timu moja ikishindwa, husemwa kuwa mkeka umechanika. Tena kuna kile kindege kidogo kinachopaa juu ya kioo cha simu. Kadiri kinavyopaa ndivyo pesa zako zinavyozidi, na wewe watakiwa uteremke kabla hakijatoweka. Kijana hudhani anashindana na kindege. Hakumbuki kuwa kindege hakijapata kuchelewa kulala kwa ajili ya deni.

Wengine hujitetea kwamba huu si mchezo wa bahati, ni ujuzi wa mpira. Haya, na tuhesabu. Katika ule mchezo mkubwa wa kubashiri mechi 17, kila mechi ina njia tatu: mwenyeji ashinde, mgeni ashinde, au watoke sare. Zidisha tatu kwa tatu, halafu kwa tatu tena, uendelee hivyo mpaka mechi ya 17, utapata njia 129,140,163. Kati ya hizo ni moja tu iliyo sahihi. Ujuzi wako wa mpira utakupunguzia baadhi ya njia, naam, lakini hata ukizipunguza mara elfu bado utabaki na zaidi ya laki moja. Mwezi wa Mei 2017 mtu mmoja hapa Kenya aliipata zawadi hiyo, zaidi ya shilingi milioni 221, na picha yake ikaenea nchi nzima. Picha za waliokosa hazikuchapishwa. Hakuna gazeti lenye kurasa za kutosha.

Nina jirani mmoja, mama mjane, mtu wa mchezo. Nasema mchezo ule wa akina mama, wa kuchangiana kila wiki na kumpa mmoja zamu yake. Walikuwa wanawake kumi, kila mmoja akitoa shilingi 2,000, na wiki hiyo pesa zote zilikuwa katika simu ya mama huyu azikabidhi siku ya Jumapili. Mwanawe wa kiume, mwenye umri wa miaka 22, alikuwa akiijua namba ya siri, kwa kuwa ndiye aliyemfundisha mama kuitumia simu. Usiku wa Jumamosi aliitoa simu chini ya mto wa mama yake. Ilipofika saa sita, shilingi 20,000 za watu zilikuwa zimekwisha.

Asubuhi alipiga magoti. "Mama, nilikuwa na bahati mbaya tu. Timu ya mwisho ilisawazishiwa dakika ya tisini."

Mama akamwuliza, "Hiyo timu ndiyo iliyotoa simu chini ya mto wangu?"

Bangili ya dhahabu aliyovishwa siku ya harusi yake iliuzwa Jumatatu, na wale wanawake wakapata haki yao wasijue lolote. Nami niliitwa, kama ilivyo desturi yetu, nimkanye kijana. Nilimkanya vilivyo. Nilimweleza haya ya dhambi kuwa na mwenyewe. Aliniinamishia kichwa kwa adabu mpaka nilipomaliza, kisha akasema polepole: "Sawa, ami. Lakini kama ningepata, nikamjengea mama nyumba, nyote mngesema masha'Allah, kijana ana bahati. Hakuna ambaye angeuliza."

Hapo aliniweza. Nilitafuta jibu nikalikosa, kwa sababu naujua mtaa wetu. Kweli tungesema hivyo. Tungekula pilau ya kuhamia nyumba mpya na kumwombea dua.

Waarabu wa zama za ujinga walikuwa na kamari yao iliyoitwa maysir. Ngamia alichinjwa, nyama ikagawanywa mafungu, kisha wakatoa mishale kumi katika mfuko. Saba kati ya hiyo ilikuwa na alama za mafungu, mitatu haikuwa na kitu, na aliyetokewa na mshale mtupu ndiye aliyelipa bei ya ngamia. Jambo la kustaajabisha ni kuwa washindi kwa kawaida hawakula ile nyama. Waliwapa maskini na kujivunia ukarimu wao. Basi msomaji asidhani kuwa kamari iliyoharimishwa ilikuwa ya watu wabaya tu. Ilikuwa na sadaka ndani yake. Qur'ani yenyewe, katika sura ya Al-Baqara, haikukanusha kuwa ulevi na kamari vina manufaa kwa watu. Imeyataja manufaa hayo, kisha ikaeleza kuwa dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa. Baadaye katika Al-Maida likaja katazo lenyewe.

Nalikumbuka jambo hili kila ninaposikia kuwa kampuni fulani ya kamari imewapa watoto mipira au imechimba kisima. Mwaka 2017 jina la kampuni moja ya hapa kwetu liliandikwa vifuani mwa wachezaji wa Everton huko Uingereza, na watu wakaona fahari, Kenya yajulikana! Sikuona aliyeuliza fulana zile zilishonwa kwa mchezo wa akina mama gani.

Serikali nayo imestuka. Mwezi wa Aprili 2025 matangazo ya kamari yalisimamishwa kwa siku 30, na mwezi wa Agosti mwaka huo huo sheria mpya ya kuisimamia kamari ikatiwa sahihi. Si haba. Lakini sheria yaweza kulizima tangazo. Haiwezi kukatiza ulimi wa mzazi anayesema "mwanangu hana bahati" pale anapotakiwa kusema neno jingine.

Wala si vijana peke yao. Mtu mzima akipata kazi kwa kupitisha bahasha mlango wa nyuma, siku ya kwanza kazini huambiwa kuwa amebahatika. Aliyekuwa na vyeti bora kuliko yeye, akakosa kwa kukosa bahasha, huambiwa avute subira, riziki yake bado. Riziki yake ilikuwa imefika, mheshimiwa. Imeliwa.

AJALI NI AJALI

Kuna neno la tatu ambalo huvishwa dhambi ili ipite bila kuulizwa, nalo ni ajali. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ilipinduka katika kivuko cha Mtongwe, na watu 272 wakafa maji wakiuona mji wa Mombasa mbele yao. Hakuna mtu wa rika langu hapa kisiwani au ng'ambo ya Likoni asiyemjua aliyempoteza mtu siku ile. Tulizika, tukasoma khitma, tukasema kila nafsi itaonja mauti. Hayo ni kweli wala sina ubishi nayo. Lakini feri ile ilikuwa imebeba watu kupita kiasi chake. Uzito haukuandikwa mbinguni peke yake; ulipakiwa gatini, na watu wenye mishahara yao, asubuhi kweupe.

Tukisema kudra na kunyamaza, tumewastarehesha waliopakia na kuwaacha mayatima na swali lao. Wako wanaodhani kuuliza ni kukosa imani. Basi wakumbuke safari ya Sayyidna Umar kwenda Sham, tauni ya Amwas ilipokuwa ikiua watu. Alipoisikia habari yake njiani alikusudia kurudi Madina, na Abu Ubayda akamwuliza ikiwa anaikimbia kadari ya Mungu. Umar alimjibu kuwa ndiyo, anaikimbia kadari ya Mungu na kuiendea kadari ya Mungu, kisha akampigia mfano wa mchungaji mwenye ngamia katika bonde lenye pande mbili, mmoja wa majani na mmoja mkavu. Popote atakapowalisha ni kwa kadari, lakini huchagua. Ikiwa Umar hakuona haya kurudi nyuma, nahodha, dereva na mwenye matatu wana udhuru gani wa kuendelea na chombo kilichofurika huku wameandika "Tawakal" mbele yake?

MGUU MZITO

Sasa tuugeuze upande wa pili, nao ndio unaoniuma zaidi kuuandika.

Katika mtaa wetu kuna dada mmoja anayeuza mahamri na mbaazi. Mumewe wa kwanza alikuwa mvuvi. Alitoka wakati wa kusi, hakurudi, wala chombo hakikuonekana. Alipokwisha eda na muda kupita, akaolewa tena na mtu wa kazi za bandarini. Mwaka wa pili bwana huyo akaachishwa kazi pamoja na wenzake wengi. Wenzake walirudi kwa wake zao wakatafuta vibarua. Yeye mama yake alimpeleka kwa mtu wa falaki.

Msomaji wa pwani ajua mambo haya yanavyokwenda. Huchukuliwa jina lako na jina la mama yako, kila herufi ikawekewa tarakimu yake ya abjadi, zikajumlishwa, zikaondolewa kumi na mbili kumi na mbili, na kinachobaki ndicho nyota yako. Nyota nazo zina tabia zake: za moto, za udongo, za upepo na za maji. Hesabu yenyewe ni nzuri, nami siwezi kuikejeli elimu ya hesabu. Ila haikuambiwa kuhusu mvuvi wala kuhusu bandari. Ikasema kuwa bwana ni moto na bibi ni maji, na kwamba mguu wake bibi ni mzito, kila anapoingia kitu hutoka. Akapewa talaka yake.

Tangu hapo dada huyu amekuwa na hukumu bila ya kesi. Panapokuwa na harusi huitwa jikoni, kwa kuwa mkono wake wa mapishi hauna mfano, lakini haitwi ndani kwa bibi harusi. Mtu akisafiri alfajiri humwomba Mungu asikutane naye wa kwanza. Hakuna anayemtukana. Wote humwamkia vizuri, humwambia "pole na kazi," kisha hupita upande wa pili wa njia. Mwulize yeyote kosa lake ni lipi, atakuambia hana kosa, masikini, ni nuhusi tu. Lakini anavyotendewa ndivyo mtaa unavyomtenda mwenye dhambi. Hata mwenye dhambi ana nafuu, kwani yeye aweza kutubu. Huyu atubie nini? Kusi?

Mtume alilimaliza jambo hili kwa maneno machache ambayo watoto wa madrasa huyahifadhi. Alikanusha mkosi wa ndege, ambao Waarabu waliufuata kwa kumfukuza ndege na kutazama arukie kulia au kushoto. Alimkanusha bundi. Aliukanusha na mwezi wa Safar, huu tunaouita Mfungo Tano, ambao mpaka leo wapo majumbani mwetu wanaoiogopa Jumatano yake ya mwisho na kunywa makombe kujikinga. Alichokibakisha ni fali njema, yaani neno zuri linalompa mtu moyo. Umetoka asubuhi ukasikia mtu anaitwa Salama, ukatabasamu, hapana ubaya. Mlango wa kheri uliachwa wazi, wa kudhaniana ukafungwa. Sisi tumeufungua tena huo uliofungwa, na magazeti, ambayo kwa miaka mingi yamechapisha nyota za wiki karibu na kurasa za michezo, hayawezi kujiosha mikono.

Tena tazama jinsi haya mambo mawili yanavyokutana. Kijana aliyeziiba pesa za mchezo alipewa kisomo. Watu walisema huenda amefungwa nyota. Mwizi akatafutiwa mkosi wa kumsafisha, na muuza mahamri asiyemwibia mtu akabebeshwa mkosi wa wengine. Nyumba zao zatazamana.

Haingekuwa haki kuandika haya yote nikajitoa mimi. Novemba iliyopita binti yangu alikuwa na mtihani wa kidato cha nne. Kila asubuhi mimi na yeye hupita kwa dada huyu, tukanunua mahamri, kisha nikamsindikiza mpaka njia kuu. Asubuhi ya karatasi ya kwanza nilimpitisha uchochoro wa nyuma. Sikumwambia mtu, wala mimi mwenyewe sikujiambia waziwazi. Miguu ilijigeuza. Tulinunua boflo dukani. Mtoto akaniuliza, "Baba, mbona leo boflo?" Nikamjibu kuwa dada hakupika. Harufu ya iliki ilikuwa imejaa mtaa mzima.

Mtoto alifaulu vizuri. Nilisema alhamdulillahi, na mara ile ile kitu ndani yangu kikaninong'oneza: umeona? Mlimkwepa. Mimi ninayejua hadithi ya bundi, mimi niliyemkanya mtoto wa jirani kuhusu bahati na dhambi! Ndivyo imani hizi zinavyonenepa. Zikitimia mara moja huandikwa, zikikosa mara mia hakuna mwenye kalamu.

Ilinichukua muda kurudi. Nilikuwa nikijipa udhuru, mara sukari yangu imepanda, mara daktari amekataza vya kukaanga. Juma lililopita nilichukua bakuli nikaenda. Alikuwa akigeuza mahamri katika karai, moshi umemjaa usoni. Akaniteka mbaazi, akanifungia mahamri sita katika karatasi, kisha akauliza:

"Na binti yetu, kaka? Matokeo yake yalikuwaje?"

"Amefaulu, dada."

"Alhamdulillahi. Siku ile ya kwanza nilimwekea mawili ya moto, nikayafunika. Nikaona mmepita kule nyuma. Nikasema, hawa wamechelewa leo. Nikamwombea hapa hapa."

Nilimpa noti, akanirudishia shilingi kumi. Nikamwambia azibakishe.

"Hapana, kaka," akasema, akageukia karai lake. "Chukua. Pesa yako hiyo."